Petroli ya E15 nchini Marekani: tathmini kwa upande wa mwenye pikipiki

Bidhaa ninayoitathmini hapa ni petroli ya E15, ambayo katika vituo vingi vya mafuta nchini Marekani huuzwa kwa jina la Unleaded 88. Ni petroli iliyochanganywa na ethanoli, aina ya alkoholi, kwa kiwango kinachopita asilimia 10 na kuishia asilimia 15, na ethanoli hiyo karibu yote hutengenezwa kwa mahindi. Kwa gari dogo lililoundwa mwaka 2001 au baadaye haya ni mafuta halali, na sina neno nayo. Kwa pikipiki, ya aina yoyote na ya mwaka wowote, ni mafuta ambayo sheria ya shirikisho imekataza yasitiwe kwenye tangi. Mwenye gari na mwenye pikipiki husimama mbele ya pampu ile ile, hubonyeza vitufe vilivyopangwa mstari mmoja, na mara nyingi hutumia mpira ule ule wa kujazia. Kinachowatenganisha ni kibandiko chenye ukubwa wa kiganja.

Hukumu yangu naitoa mapema kwa ajili ya msomaji mwenye haraka. Mwenye pikipiki asiinunue E15, hata kama bei yake imeshuka, hata kama injini yake ni mpya na inatumia injekta, yaani vinyunyizio vya mafuta vinavyoongozwa na kompyuta. Aendelee na E10, yaani petroli yenye ethanoli isiyozidi asilimia 10, ikiwa pikipiki yake inatembea kila wiki, na atafute petroli isiyo na ethanoli kabisa, inayojulikana kama E0, ikiwa pikipiki italala kwa muda mrefu. Hata hivyo hukumu hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu lawama kubwa haiko kwenye mafuta yenyewe. Iko kwenye namna sera ilivyoyaleta sokoni na kumwachia mwenye pikipiki kazi yote ya kujilinda.

Tuanze na pampu, maana hapo ndipo mnunuzi anapokutana na bidhaa. Petroli ya kawaida Marekani ina okteni 87, ya kati 89, na ya juu huwa 91 au 93 kulingana na eneo. Kwa miongo mingi watu wamezoea kwamba namba ikipanda na bei inapanda, na mwenye pikipiki ya mwendo kasi amezoea kutafuta namba kubwa kwa sababu injini yake hubana mchanganyiko kwa nguvu zaidi. E15 imevuruga mazoea hayo: ina okteni 88, yaani moja zaidi ya petroli ya kawaida, lakini kwa kawaida bei yake huwa chini ya ile ya 87 kwa senti kadhaa kwa galoni. Anayesoma namba na bei tu atadhani amepata mafuta bora kwa pesa pungufu. Kumbe namba ya okteni hueleza jinsi mafuta yanavyostahimili mbano bila kuwaka kabla ya wakati. Haielezi kama oringi, yaani pete za mpira za kuzuia kuvuja, za kabureta inayochanganya mafuta na hewa zitadumu, wala kama injini ina uwezo wa kurekebisha mchanganyiko wake. Ethanoli kwa asili yake ina okteni ya juu sana, kwa hiyo ukiiongeza tu, namba inapanda.

Kibandiko kiliwekwa kwa kanuni iliyotolewa mwaka 2011 na Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani, EPA. Kina rangi ya machungwa na buluu, na kinasema kwamba mafuta haya ni ya magari ya abiria ya mwaka 2001 na kuendelea pamoja na magari maalumu yanayokubali ethanoli nyingi, kwamba yasitumike kwenye magari mengine, boti au vifaa vya petroli, na kwamba kufanya hivyo kunaweza kuleta uharibifu na kumekatazwa na sheria ya shirikisho. Ni maneno sahihi. Lakini pikipiki haitajwi popote. Boti imetajwa, mashine ya kukata nyasi imeingia kwenye fungu la vifaa, ila chombo ambacho kwa hakika kitasimama kwenye pampu hiyo kila siku kimefichwa ndani ya kundi la magari mengine. Nimekiona kibandiko hiki kwenye pampu ambako jua limefifisha rangi ya machungwa hadi ikakaribia njano, chini ya kitufe, mahali ambapo mtu aliyevaa helmeti na glovu, aliyesimama huku amebana pikipiki kati ya miguu, hana sababu ya kuinama kukisoma. Mwenye gari hushuka na kusimama wima mbele ya pampu. Mwenye pikipiki mara nyingi hunyoosha mkono akiwa bado amekaa. Aliyebuni kinga hii hakumfikiria mtu huyo.

Ili kuelewa kwa nini bidhaa kama hii ipo, ni lazima kurudi kwenye sheria ya nishati ya mwaka 2005, iliyoanzisha kiwango cha lazima cha nishati mbadala katika mafuta ya vyombo vya usafiri, na ile ya mwaka 2007 iliyokipanua hadi galoni bilioni 36 ifikapo mwaka 2022, ambapo ethanoli ya mahindi ilitengewa nafasi isiyozidi galoni bilioni 15. Sheria ilipanga ujazo kwa galoni, haikupanga asilimia. Waliopanga walitarajia kwamba matumizi ya petroli yangeendelea kukua. Badala yake yalishuka baada ya mwaka 2007, kwa mdororo wa uchumi na kwa magari yanayotumia mafuta kidogo. Ukichanganya asilimia 10 ya ethanoli kwenye petroli yote inayouzwa Marekani, unapata takribani galoni bilioni 14, na ukifika hapo huna pa kuipeleka ethanoli inayozidi isipokuwa kuongeza kiwango ndani ya kila galoni. Hiyo ndiyo asili ya E15. Haikutokana na injini yoyote iliyoihitaji wala na mnunuzi aliyeiomba. Ilitokana na hesabu ya ujazo ambayo sharti itimie.

Mwezi Machi 2009 chama cha wazalishaji wa ethanoli, Growth Energy, kiliiomba EPA iruhusu asilimia 15. Oktoba 2010 EPA iliikubali kwa magari madogo ya mwaka 2007 na kuendelea, na Januari 2011 ikaongeza yale ya 2001 hadi 2006. Katika maamuzi hayo hayo ilikataa kuiruhusu kwa pikipiki zote, magari makubwa, boti, mashine ndogo na magari madogo ya kabla ya 2001. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kiufundi na zenye uzito: majaribio ya kuthibitisha usalama hayakuwapo, na tathmini ya wahandisi ilionyesha uwezekano wa moshi kutoka ukiwa na joto kali kupita kiasi na vichujio vya ekzosi kuharibika. Hapa ndipo ninapoona kasoro ya msingi. Chombo cha serikali kilitamka wazi kwamba mafuta haya hayafai kwa pikipiki, kisha kikayaruhusu yauzwe mahali ambapo pikipiki hujaza, kwa sharti kwamba kuwe na kibandiko. Kituo cha kwanza cha rejareja kuuza E15 kilianza Julai 2012 huko Lawrence, Kansas, na tangu hapo mzigo wa kutenganisha mafuta umekuwa mabegani mwa mnunuzi.

Sasa tuingie ndani ya injini, kwa sababu baadhi ya wenye pikipiki hudhani hofu hii ni ya kukuza mambo. Petroli tupu huungua kikamilifu kwa uwiano wa takribani sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta, kwa uzito. Ethanoli tupu inahitaji sehemu 9 tu, kwa kuwa ndani ya molekuli zake tayari mna oksijeni, ambayo ni zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. E10 huhitaji takribani 14.1, na E15 takribani 13.8. Gari la kisasa lina sensa ya oksijeni kwenye ekzosi na kompyuta inayoongeza mafuta papo hapo inapogundua kwamba hewa imezidi. Kabureta haina sensa. Ina jeti, yaani kitundu cha shaba nyeupe kilichotobolewa kwa kipimo maalumu kiwandani, na kitundu hicho hupitisha ujazo ule ule wa mafuta bila kujali yana nini ndani yake. Ukitia E15, mchanganyiko unaoingia kwenye silinda unakuwa na hewa nyingi kuliko alivyokusudia mhandisi. Injini inakuwa ngumu kuwaka asubuhi ya baridi, inasita unapofungua gesi ghafla, na inapobebeshwa mzigo mlimani, kichwa cha silinda na vali ya kutolea moshi hupata joto zaidi. Injini inayopozwa na maji ina njia ya kuliondoa joto hilo. Injini inayopozwa na hewa, iliyokwama kwenye foleni ya magari mchana wa Julai, haina pa kulipeleka.

Pikipiki zenye injekta si salama moja kwa moja, ingawa wengi hufikiri hivyo. Baadhi yake zina injekta bila sensa ya oksijeni, na hizo hufuata jedwali lililoandikwa kiwandani kama vile kabureta inavyofuata kitundu chake. Nyingine zina sensa, lakini kompyuta huisikiliza tu wakati wa mwendo wa kawaida na kuiacha unapofungua gesi yote, na pia kiasi cha marekebisho inachoruhusiwa kufanya kina mpaka uliowekwa kwa kudhani mafuta hayatapita E10. Mwongozo wa pikipiki nyingi zinazouzwa Marekani husema hivyo bila kificho: ethanoli isizidi asilimia 10. Mwenye pikipiki ambaye bado yuko ndani ya dhamana na akatia E15 amempa mtengenezaji sababu iliyoandikwa ya kukataa kulipia uharibifu utakaotokana na mafuta.

Uharibifu wa vifaa huja polepole zaidi, na kwa maoni yangu huo ndio unaowagharimu watu pesa nyingi. Ethanoli huvimbisha baadhi ya aina za mpira na plastiki, hulegeza gundi na resini za matangi ya faibaglasi ya zamani, na imewahi kufanya matangi ya nailoni ya pikipiki fulani yapanuke hadi yakakataa kurudi kwenye fremu baada ya kufunguliwa kwa ajili ya matengenezo. Inayeyusha pia takataka za miaka mingi zilizoganda tangini na kuzisukuma kwenye filta. Lakini mwenzake mbaya zaidi ni maji. Petroli tupu na maji havichangamani. Maji hukaa chini na petroli juu. Ethanoli hupenda maji, kwa hiyo E10 inaweza kubeba maji kidogo, takribani nusu asilimia ya ujazo kwenye joto la nyuzi 15 za Selsiasi, bila dalili yoyote. Yakizidi hapo, au joto likishuka usiku wa baridi, ethanoli huacha petroli na kushuka na maji yake hadi chini ya tangi. Huko chini ndiko koki ya mafuta inakochotea. Injini inapewa maji yenye ethanoli, na petroli inayobaki juu inakuwa imepoteza okteni, kwa sababu viwanda vya kusafisha mafuta Marekani kwa kawaida hutoa petroli ya msingi ya okteni 84 vikitegemea ethanoli iipandishe hadi 87.

Haki inanitaka niseme kwamba jambo hili hukuzwa pia. E10 ndani ya tangi lililofungwa vizuri haifyonzi unyevu wa hewani kwa siku mbili. Huchukua wiki nyingi au miezi, na maji mengi yanayoleta balaa huingia kwa kifuniko kibovu cha tangi au kwa mvuke unaoganda kwenye kuta za tangi lililoachwa nusu tupu. Pikipiki inayojazwa na kumalizwa kila wiki haipati nafasi ya kuugua ugonjwa huu. Inayougua ni ile ya mtu wa majimbo ya kaskazini anayeipaki mwezi wa Novemba na kuigusa tena Aprili. Bakuli la kabureta yenye historia hiyo, ukilifungua, huwa na utando mweupe kama unga pale ambapo alumini imeliwa, rangi ya kijani kuzunguka jeti, na harufu ya vanishi iliyochacha. Na jeti ndogo ya mwendo wa taratibu, ambayo tundu lake halipitishi hata sindano ya kushonea, huwa imeziba kabisa. Fundi atalichovya kwenye dawa, atapuliza upepo, atabadilisha oringi na sindano ya boya, na ankara yake itafuta akiba yote ya senti kadhaa kwa galoni ambayo mtu angeipata kwa miaka.

Nirudi kwenye mpira wa pampu, kwa sababu hapa sera imemwangusha hata mwenye pikipiki makini anayesoma kila kibandiko. Pampu nyingi za kuchanganyia hutoa aina kadhaa za mafuta kupitia mpira mmoja, na mafuta aliyonunua mteja wa mwisho hubaki ndani yake. Chama cha Waendesha Pikipiki cha Marekani, AMA, kilikadiria kwamba yanayobaki yanaweza kufika theluthi moja ya galoni. Kwa gari lenye tangi la galoni 15 hilo si kitu. Chukua sasa pikipiki inayojazwa galoni mbili za E10 baada ya mtu aliyenunua E15: theluthi moja ya galoni inayotangulia ni E15, na tangi linapata wastani wa karibu asilimia 11 badala ya 10. Ikiwa aliyetangulia alinunua E30, ambayo pampu za aina hiyo katika majimbo ya mahindi huitoa, kiwango kinapita asilimia 13. Mnunuzi amebonyeza kitufe sahihi, amelipia mafuta sahihi, na bado amevuka mpaka uliowekwa na mwongozo wake.

EPA ililiona tatizo hilo mwaka 2012, na suluhisho lake la kwanza likawa kudai kwamba anayenunua kwenye pampu ya namna hiyo anunue angalau galoni nne, ili mabaki yapotee ndani ya ujazo mkubwa. AMA ilipinga mara moja, na kwa haki, kwa kuwa pikipiki nyingi na pikipiki za magurudumu manne zina tangi lisiloweza kupokea galoni nne hata likiwa tupu kabisa. Mwaka 2013 likaongezwa chaguo jingine, la kituo kuwa na mpira wa peke yake kwa E10 au mafuta yenye ethanoli kidogo zaidi. Hilo ndilo suluhisho halisi, na nalipongeza kila ninapolikuta: mpira uliotengwa, wenye maandishi yanayosomeka, ni kinga ambayo haimtegemei mtu kukumbuka chochote. Kituo kilichowekeza humo nakipa alama zote.

Kuna jambo lingine ambalo naona halijasemwa vya kutosha. Kwa miaka mingi mwenye pikipiki alikuwa na kinga asiyoijua, na ilitoka kwenye sheria ya hewa safi. Sheria hiyo huweka kikomo cha petroli kugeuka mvuke kati ya tarehe 1 Juni na 15 Septemba ili kupunguza moshi wa mijini, na E10 ilipewa msamaha ambao E15 haikupewa. Kwa hiyo katika maeneo mengi E15 ilikuwa ikitoweka kwenye pampu wakati wa kiangazi, yaani miezi ile ile ambayo pikipiki hujaa barabarani. EPA iliondoa kizuizi hicho mwaka 2019, mahakama ya rufaa ikaitengua kanuni hiyo Julai 2021, kisha tarehe 12 Aprili 2022 Rais Biden akiwa Menlo, Iowa, alitangaza msamaha wa dharura kwa majira yale kwa sababu ya bei za mafuta. Msamaha huo ulirudiwa kwa kiangazi cha 2023, 2024 na 2025. Iowa nayo mwaka 2022 ilipitisha sheria ya kuvitaka vituo vingi vya jimbo hilo viuze E15 kuanzia 2026. Sijaona katika hatua hizi zote mahali ambapo kinga ya mwenye pikipiki iliongezwa kwa kadiri hatari ilivyoongezwa. E15 sasa iko pampuni wakati wa safari ndefu za kiangazi, na kibandiko ni kile kile cha 2011.

Kuhusu pesa sitakawia. Galoni ya ethanoli ina nishati pungufu kwa karibu theluthi moja ikilinganishwa na galoni ya petroli, kwa hiyo E10 hupunguza umbali kwa takribani asilimia 3 na E15 kwa takribani 5. Tofauti kati ya hizo mbili haifiki hata asilimia 2. Kama E10 ni dola 3 kwa galoni, E15 inapaswa kushuka walau kwa senti 6 ili mwenye gari asipate hasara, na mara nyingi hushuka kiasi hicho. Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaoipinga E15 kwa hoja kwamba inakula mafuta, na hoja hiyo ni dhaifu. Pikipiki inayokwenda maili 150 kwa tangi ingepoteza maili mbili au tatu. Sababu za kuikataa ni zile za injini, za dhamana na za sheria.

Wala si kweli kwamba pikipiki na ethanoli haziwezi kupatana. Brazili ilianza mpango wake wa alkoholi mwaka 1975, na mwaka 2009 Honda ilitoa huko CG 150 Titan Mix, pikipiki ya kwanza duniani kuzalishwa kwa wingi ikiwa na uwezo wa kutumia petroli, ethanoli au mchanganyiko wowote wa hizo mbili. Petroli ya kawaida ya Brazili ilikuwa na asilimia 27 ya ethanoli tangu 2015 na imefika 30 tangu Agosti 2025, na pikipiki zinatembea, kwa sababu vifaa vyake vilichaguliwa na kompyuta zake zikapangwa kwa ajili hiyo. India imekwenda kwa haraka zaidi: ilifika asilimia 10 mwaka 2022, ikaanza kuuza E20 Februari 2023, na kufikia 2025 E20 imekuwa petroli ya kawaida pampuni. Taasisi ya serikali ya NITI Aayog ilikuwa imekadiria mwaka 2021 kwamba pikipiki zilizoundwa kwa petroli tupu na kupangwa kwa E10 zingepoteza asilimia 3 hadi 4 ya umbali kwa E20, na ilipendekeza wateja wafidiwe kwa bei nafuu zaidi. Bei haikushuka, na wenye vyombo vya zamani walilalamika sana mwaka 2025. Nikilinganisha nchi hizo tatu, Brazili ilitengeneza pikipiki ya kuendana na mafuta, India imebadilisha mafuta kwa kila mtu, na Marekani imeacha mafuta yanayofaa na yasiyofaa yauzwe sehemu moja. Mwenye pikipiki Marekani bado ana uchaguzi, jambo ambalo mwenzake wa India amelikosa kwa kiasi kikubwa, na uchaguzi huo unastahili kulindwa kwa nguvu.

AMA imekuwa ikidai kwa miaka mingi majaribio huru ya E15 kwenye injini za pikipiki, na hadi yafanyike na kuchapishwa sioni msingi wa mtu yeyote kumwambia mwenye pikipiki kwamba hofu yake ni ya bure. Wauzaji wa E15 hutaja mamilioni ya maili ambayo magari yamekwenda nayo bila shida. Nakubali takwimu za magari. Hazijibu swali la injini ya silinda mbili inayopozwa na hewa.

Kwa matumizi ya kila siku, basi, E10 ya pampu yenye mpira wake ndiyo ninayoipendekeza, kwa okteni iliyoandikwa kwenye mwongozo na si zaidi. Kama mpira ni wa pamoja na huna pampu nyingine, jaza tangi likiwa karibu tupu ili mabaki yasambae, na uepuke kununua galoni moja moja. Ikitokea E15 imeingia, hakuna haja ya kutaharuki wala kuivuta pikipiki: iendeshe taratibu bila kubeba mzigo, na tangi likipungua ongeza E10 au E0 ili kiwango kishuke. Kwa pikipiki ya kabureta iliyozaliwa kabla ya miaka ya tisini, badilisha mipira ya mafuta na oringi kwa zile zinazouzwa zikiwa zimeandikwa kuwa zinastahimili ethanoli, kwa sababu hata E10 itazila zile za asili.

E0 inapatikana zaidi vijijini na kwenye vituo vilivyo karibu na maziwa na maegesho ya boti, kwa kuwa wenye boti waliumia na maji kabla ya wengine. Bei yake hupita ya E10 kwa kiasi kinachoonekana, na ndiyo maana siishauri kwa safari za kila siku. Jaza E0 kwenye safari ya mwisho ya msimu, likiwa tangi limebaki na mafuta kidogo. Tia dawa ya kuhifadhi mafuta kwa kipimo cha chupa. Endesha maili chache hadi mafuta mapya yafike kwenye kabureta. Rudi ujaze tangi hadi karibu na shingo ili hewa yenye unyevu isipate nafasi. Kisha funga koki, weka kikopo chini ya bakuli la kabureta, na ulegeze skrubu ya kumwagia hadi tone la mwisho litoke.